Visawe vya Maji ya Juu

Jumamosi, tarehe kumi na nne Februari, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani kwetu, mtaa wa Bigo, mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, nikichagua maharage. Sinia lilikuwa mapajani. Daftari lilikuwa wazi juu ya ndoo iliyopinduliwa, limewekewa jiwe ili upepo wa kiangazi usigeuze kurasa kabla yangu. Vumbi jekundu lilikuwa limelala juu ya kila kitu, hata juu ya wino. Kila nilipotupa punje mbovu nilisoma neno moja, na kila nilipofika mwisho wa mstari niliinua kichwa na kutazama lango, kama mtu aliyeahidiwa gari na gari likachelewa.

Hakuna aliyekuwa ameniahidi gari. Nilichokuwa nacho ni mtihani. Chuo kimoja cha Uganda kilikuwa kimetangaza nafasi chache za masomo kwa walimu wa jiografia wa nchi jirani: mwaka mmoja wa kusoma udongo na maji, malazi na chakula vikiwa juu ya chuo chenyewe. Makaratasi yangu yalikuwa yamekubaliwa. Kilichobaki ni nusu saa ya kuzungumza Kiingereza mbele ya kompyuta, mwishoni mwa Machi, mtahini akiwa upande wa pili wa mpaka. Mwombaji hakutakiwa kuwa amevuka miaka hamsini. Mimi nilikuwa na arobaini na tisa. Nisipoipata mara hii, sitaipata tena.

Bunia imejaa watu walioacha makwao kwa sababu zisizohitaji kuelezwa. Mimi nilitaka kuondoka kwa sababu niliyoona aibu kuieleza. Sikuwa na njaa, wala mume wangu hakuwa amenikosea. Yeye ni muuguzi, mtu wa maneno machache, na nilipomwonyesha tangazo la chuo aliniambia tu, "Enda. Mwaka moja ni nini?" Lakini kwa miaka ishirini na tatu nilikuwa nimefundisha mito ileile kwa ramani ileile, ramani iliyotoboka pale ambapo Ziwa Albert lilipaswa kuwa, kwa sababu kila mwalimu huweka kidole hapo kuwaonyesha wanafunzi walipo. Nilikuwa nikisimama mbele ya tundu lile, chaki mkononi, nikahisi kitu kikitembea ndani ya miguu yangu. Usiku kilitulia. Asubuhi kilianza upya.

Kitabu nilichosomea nilikinunua kwa muuza vitabu vya zamani sokoni. Hakikuwa na jalada, na kurasa za kwanza hazikuwapo, hivyo hadi leo sijui kinaitwaje. Kilikuwa kitabu cha visawe na vinyume vya Kiingereza, maneno ya juu, yale ambayo mtu hakutani nayo katika mazungumzo ya kununua sabuni. Kutokana nacho nilijitengenezea daftari la safu tatu. Safu ya kwanza ilikuwa ya neno, ya pili ya ndugu zake, ya tatu ya adui yake. Neno moja likiwa peke yake lilinitoroka kabla ya chakula cha mchana. Lakini nikilifunga kwa ndugu upande huu na kwa adui upande ule, lilitulia kama mbuzi kati ya vigingi viwili. Kwenye ukurasa wa herufi R nilikutana na restless, yaani mtu asiyetulia. Ndugu zake walikuwa uneasy na fidgety, na adui yake serene, utulivu wa maji ya ziwa alfajiri. Niliwatambua ndugu mara moja. Adui nililazimika kumkariri kwa siku nne.

Asubuhi ile ya maharage wifi yangu aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Ni dada mkubwa wa mume wangu, anauza nguo za mitumba huko Nyakasanza, na siku za Jumamosi hupitia kwetu kumwona baba yake kabla ya kwenda sokoni. Alitua mzigo wake, akachukua kiganja cha maharage yangu na kuanza kuyachagua upya, kuonyesha kwamba sikuyachagua vizuri.

"Mulamu," akasema, kama tunavyoitana mawifi, "ungali na ile kitabu yako ya bure?"

"Keti uniulize maswali. Soma neno la kwanza, mimi nitakupa ndugu na adui."

"Miye? Miye niliachia masomo mu sixième, darasa ya sita. Utanilipa nini?"

"Maharage."

"Maharage yenye mawe! Lete."

Alisoma kila neno jinsi lilivyoandikwa, kwa ulimi wa Kifaransa, na mimi nililazimika kwanza kukisia ni lipi. Scarce alilisoma "skarse". Nikamwambia maana yake ni kitu kilicho haba, na ndugu yake ni meagre.

"Na adui?"

Kabla sijafungua kinywa, sauti ilitoka nyuma ya ukuta wa jiko, nzito, isiyo na haraka: "Abandanti."

Ilikuwa sauti ya baba mkwe wangu, na alimaanisha abundant, yaani tele. Wifi alicheka mpaka sinia likayumba. "Papa! Kumbe weye ndiye utaenda Kampala!"

"Munipeleke," sauti ikajibu. "Huku hata maziwa haiko."

Ndivyo nilivyogundua kwamba mzee alikuwa amesikiliza masomo yangu yote. Kiti chake kiko upande wa pili wa ukuta ule, kwenye kivuli, na kwa wiki nyingi nilikuwa nikisoma kwa sauti nikidhani nasikilizwa na kuku peke yao. Alikuwa ameishi nasi kwa miaka miwili, tangu alipowasili kutoka kijijini kwao Bule nyuma ya pikipiki, akiwa na blanketi, fimbo na kibuyu cha maziwa. Ng'ombe wake walikuwa wamechukuliwa wote. Kibuyu kilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake, kitupu. Hata hivyo kila mwisho wa juma alikishusha, akawasha nyasi kwenye kigae na kukifukiza moshi ndani, kazi ambayo kwao ni ya wanawake, ili kisichache. Nyumba yetu ilinuka moshi wa maziwa ambayo hayakuwapo.

Katika miaka hiyo miwili hatukuwahi kuzungumza uso kwa uso. Si kwa ugomvi. Kwetu mke wa mwana haketi akitazamana na baba mkwe, na chakula chake hukipeleka kwa mkono wa mtu mwingine. Zaidi ya hayo, halitaji jina lake. Na jina la baba mkwe wangu ni neno la kawaida katika lugha ya nyumbani: ni neno la kile kinachoshuka kutoka mawinguni, kinachojaza mapipa na kulowesha nguo kambani. Alizaliwa siku kilipokuwa kikishuka, wakampa jina hilo.

Mama mkwe wangu, aliyekwisha kufariki, ndiye aliyenifundisha sheria hiyo nilipoolewa Bule, nikiwa na cheti cha chuo na kiburi chake. Nilimwuliza kama ninaweza kulisema neno hilo kwa Kiswahili, au kwa Kifaransa, kwa kuwa kwa lugha hizo si jina la mtu. Alinitazama kwa huruma.

"Mwana wangu, neno iko sawa mutu. Ukimuvalisha koti ya Bazungu, haiko ule ule mutu?"

"Sasa nitasema nini?"

"Sema kazi yake. Anashuka, anamwangika, analowesha. Sema maji ya juu. Sema mugeni. Hautakosa."

Sikukosa. Nilijifunza kutoka kwake njia kumi na moja za kulizunguka neno moja, na alizijua nyingine zaidi, kwa kila msimu na kila ukali. Leo naona kwamba yule mama asiyejua kusoma ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa visawe.

Niliteleza mara moja tu. Ulikuwa mwezi wa pili wa ndoa. Nilikuwa nimeanika mihogo, wingu likaja ghafla kutoka upande wa milima, nikapiga kelele kwa Kiswahili kwamba kile kitu kinakuja, na nilikitaja wazi. Baba mkwe alikuwa ameketi na wazee wenzake karibu na zizi, kikombe cha bati mkononi. Alikiweka chini. Hakuniangalia. Hakuna aliyenigombeza, hakuna hata aliyeacha mazungumzo. Lakini kikombe kilibaki pale, maziwa yakashika utando, jioni mama mkwe akayamwaga nyuma ya zizi. Ningependelea matusi. Tangu siku ile neno lilikaa nyuma ya meno yangu kama mwiba wa samaki, na halikutoka tena, hata katika usingizi, kama mume wangu anavyoshuhudia.

Mtu anaweza kuuliza nimefundishaje jiografia. Jiografia ndiyo iliyoniokoa. Vitabu vyetu vya shule vinasema précipitations, neno pana lisilo jina la mtu, nami nilijificha ndani yake kwa miaka ishirini na tatu. Wanafunzi wakanipa jina la Madamu Presipitasyo. Hawakujua wanachokitaja.

Sheria hii ina mlango wa kutokea. Baba mkwe akiridhika na mke wa mwanawe, humpa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na siku hiyo husemwa kwamba amemfungua mdomo. Baada ya hapo anaweza kulitaja jina kama watu wengine. Baba mkwe alinichagulia mtamba mara mbili. Mara ya kwanza ulipita ugonjwa. Mara ya pili vilipita vita. Kisha vita vilipita tena, na hapakuwa na mtamba wa kuchagua. Hilo halikuzungumzwa nyumbani kwetu. Kumkumbusha kungekuwa kumwuliza ng'ombe wako wako wapi, na hakuna mtu mwenye adabu anayemwuliza hivyo mtu wa Bule.

Wifi aligeuza ukurasa. "Hapa uliruka."

Alikuwa ameufikia ukurasa ambao safu yake ya kwanza ilikuwa tupu. Katika safu ya pili nilikuwa nimeandika downpour, yaani mmwagiko mkubwa. Deluge, yaani gharika. Drizzle, yaani manyunyu. Na chini yake precipitation, rafiki yangu wa zamani. Katika safu ya tatu niliandika drought, ukame.

"Sikuruka," nikasema.

Akatazama tena, akaelewa, akalitaja neno lenyewe kwa sauti, wazi, kama mtu anavyotaja chumvi. Binti ana haki hiyo. "Papa, amekuandika na ndugu zako bote! Weye tu ndio hauko!"

Nyuma ya ukuta nikasikia mzee akikohoa kwa namna ya mtu anayeficha kicheko, au kitu kingine.

Wiki zilizofuata sikutulia. Nilikariri nikielekea shuleni, nikikosha vyombo, nikisubiri unga usagwe. Nilihesabu siku kwa vidole, kisha nikaona aibu, kisha nikahesabu tena. Machi iliingia na mawingu yake, na vumbi likaanza kulala. Mume wangu aliniambia usiku naongea Kiingereza.

"Nasema nini?"

"Sijui. Lakini unajibiwa na hakuna mutu."

Siku ya mtihani nilivaa kitenge cha kijani nilichokuwa nimekishonea sherehe ya harusi ya mpwa wangu, nikaenda mjini, kwenye chumba cha kukodi chenye kompyuta na mtandao. Paa lilikuwa la mabati, bila dari. Mtahini alikuwa mwanamke wa umri wangu, mpole, mwenye miwani iliyoakisi dirisha la kwake. Tulianza vizuri. Aliniuliza kuhusu mmomonyoko wa udongo katika vilima vya Djugu, nami nikamjibu kwa maneno yangu ya safu ya kwanza na ya pili, yakitoka yenyewe, yamevaa viatu. Nilimwona akiandika. Nilimwona hata akitabasamu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, miguu yangu ilitulia chini ya meza.

Kisha mawingu yakafunguka juu ya Bunia. Mabati yalinguruma kama magunia ya changarawe yanayomwagwa. Mtahini aliinua mkono, akasogea karibu na kompyuta yake.

"Madam, hiyo kelele ni ya nini?"

Nikamwambia: precipitation.

Alicheka kwa adabu. "Ndiyo, lakini kwa neno la kila siku?"

Nikasema downpour. Nikasema deluge. Alitikisa kichwa, bado akitabasamu, akaniambia kwamba hayo ni maneno mazuri, ila anataka lile la kawaida kabisa, lile ambalo mtoto mdogo angelisema akitoa mkono dirishani. Nadhani alitaka tu kunipumzisha. Lilikuwa swali la kupoza moyo kabla ya sehemu ngumu.

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, herufi nne, jepesi kuliko yote niliyokuwa nimekariri tangu Januari. Baba mkwe alikuwa Bigo, mbali, kelele ya mabati isingemruhusu kusikia hata kama ningelipiga kwa kengele. Nilijua hayo yote. Nikakiona kikombe cha bati kikiwekwa chini. Nikasema, "Ni maji yanayotoka juu, madam."

Tabasamu lake lilibadilika. Si kwa ubaya. Lilipungua tu, kama taa inavyopunguzwa. Aliandika jambo fupi. Baadaye aliniuliza maneno mengine ya kawaida, ya jikoni, ya barabarani, kana kwamba anakagua msingi wa nyumba aliyokwisha kuisifu, na mimi, kikombe kile bado machoni, nikayakosa mawili niliyoyajua tangu darasa la kwanza la Kiingereza. Nusu saa ilikwisha. Akaniaga. Juu ya mabati yule mgeni aliendelea kushuka.

Jibu lilinifikia kwa barua pepe baada ya siku kumi. Waliandika kwamba msamiati wangu wa juu uliwavutia, lakini sikuweza kutoa neno la msingi kabisa, na hivyo wana shaka kwamba nilikariri orodha bila kuijua lugha. Nimewekwa kwenye orodha ya akiba. Kama nina maelezo, niyatume kwa maandishi kabla ya mwisho wa Aprili.

Niliisoma barua hiyo nimesimama, kisha nikatoka nje na kutembea. Nilishuka mpaka Nyakasanza, nikapita meza ya wifi bila kumsalimu, nikazunguka, nikarudi kwa barabara nyingine. Nilikuwa na hasira, na sitaipamba. Niliwakasirikia walionihukumu, nikamkasirikia marehemu mama mkwe na koti lake la Wazungu, nikamkasirikia mzee yule kwenye kivuli chake, akifukiza kibuyu kitupu. Zaidi ya yote nilijikasirikia mimi, mwanamke mwenye cheti cha chuo, aliyeshindwa kusema herufi nne.

Jioni mume wangu alipata wazo. "Andika kama mutandao ilikuwa mubaya. Kelele ya mabati. Haukusikia swali muzuri. Nani atakataa?"

Hakuna ambaye angekataa. Niliiandika barua hiyo, ilikuwa fupi na ya kuaminika, na niliichana asubuhi. Baadaye nikaandika nyingine, ya ukweli, nikieleza sheria ya nyumbani kwetu. Nilipoisoma nikaona nimefanya kosa lilelile: kurasa mbili za maneno makubwa yakizunguka shimo. Nilikuwa nimeeleza kuhusu neno bila kulitaja neno. Mtahini angeisoma na kusema, mnaona, hata sasa halijui. Nikaandika mara ya tatu, ya nne. Aprili ilikuwa inakatika. Kila nilipofika mahali pale kalamu ilisimama, nami nikainuka kwenda kutazama sufuria isiyo na kitu motoni.

Wifi ndiye aliyenipata hivyo, Jumamosi moja, mezani, na karatasi zilizokunjwa zikinizunguka. Nilimweleza yote. Nilimsihi asimwambie baba yake.

"Sitamuambia," akasema, akatoka moja kwa moja mpaka nyuma ya ukuta na kumwambia.

Nilisikia kila kitu. Mzee akauliza, "Alianguka?"

"Hajaanguka. Ananingʼinia."

"Juu ya jina yangu?"

"Juu ya jina yako, papa."

"Na mutihani ilikuwa mu Kingereza?"

"Mu Kingereza."

"Hata mu Kingereza!" akasema, na sauti yake ilikuwa na kitu nilichokitambua polepole kuwa ni fahari, na nyuma yake, aibu. Nikasikia kiti kikisogezwa. Nikasikia msumari ukitoa kile kilichoning'inia. Kisha akaniita, yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minne.

"Mama batoto. Kuya."

Nilikwenda mpaka mlangoni, nikapiga magoti, uso nikaupeleka pembeni, nikitazama kizingiti. Wifi alikuwa amesimama kati yetu, mikono kiunoni, akifurahia.

"Ngombe haiko," mzee akasema. "Unajua. Niliifikiria ile ngombe yako kila mwaka. Sasa iko... mulisema namna gani? Skarse."

"Skarse, papa," wifi akasema. "Na abandanti haiko."

"Weye nyamaza. Haujafunzwa." Akageukia upande wangu. "Hii kibuyu, ngombe yangu yote ilipita mule. Maziwa ya mama yao, ya nyanya yao. Sina ingine ya kukupatia. Nyosha mikono."

Nilinyoosha mikono yote miwili. Kibuyu kilikuwa chepesi, na kilikuwa na joto, kwa kuwa alikuwa amekifukiza asubuhi ile. Nilihofia kukibana nisikivunje.

"Nimekufungua mudomo," akasema.

"Sema basi!" wifi akaruka. "Muite! Tusikie!"

Nilijaribu. Midomo ilikutana na kuachana. Nadhani nilitoa pumzi. Wifi alijipiga paja. "Yesu! Yote hii ya kibuyu, na bado anakaa kama samaki!"

"Umuache," mzee akasema. "Miye nimefungua. Kutoka, atatoka siku yake. Na weye, mama batoto, andika. Bale batu bangu bako na haki ya kujua jina yangu."

"Haiko batu bako, papa, ni batu ya chuo."

"Basi bataniandikia."

Alirudi kwenye kiti chake. Mimi nilikiweka kibuyu juu ya meza, kando ya daftari, na nikafungua ukurasa wenye safu ya kwanza iliyokuwa tupu. Nilikaa mbele yake kwa muda ambao sikuupima. Sikuwa mtulivu; singependa msomaji adhani hivyo. Miguu ilikuwa ikitembea chini ya meza kama siku zote, na hadi leo sijui kama ilikuwa ikielekea Uganda au ikijaribu kubaki. Lakini mkono ulishuka, ukaandika mahali pale herufi nne za Kiingereza, na nilipoinua kichwa, hakuna kikombe kilichowekwa chini.

Barua niliituma tarehe ishirini na nane Aprili. Niliiandika kwa Kiingereza, na naiweka hapa kwa lugha yetu, bila kuongeza kitu.

"Mheshimiwa Mtahini,

Uliniuliza swali siku ya mtihani nami sikulijibu. Sababu haikuwa mtandao, wala sikukosa kukusikia. Kwetu mke wa mwana halitaji jina la baba mkwe mpaka baba mkwe amruhusu, na neno ulilonitaka ni jina la baba mkwe wangu. Nimeolewa kwa miaka ishirini na minne. Katika muda huo nimelisema mara moja tu, kwa bahati mbaya, na mtu mzima akaacha kinywaji chake kwa sababu yangu. Maneno makubwa uliyoyasikia sikuyakariri ili kukuvutia. Mengine nimeishi ndani yake, katika lugha nyingine, kwa sababu lile dogo lilikuwa limefungwa.

Juma lililopita niliruhusiwa. Mdomoni bado halijatoka, na mkinipa nafasi huenda nikalisema kwanza kwenu, au kwanza hapa nyumbani, siwezi kuahidi. Kwa mkono naweza. Mwombaji wa miaka arobaini na tisa hana mwaka mwingine wa kujaribu, kwa hiyo naomba mlipokee jibu langu ingawa limechelewa.

Uliuliza ile kelele ilikuwa ya nini. Ilikuwa mvua. Mvua ilikuwa inanyesha Bunia."